Kisiwa Kisichokuwa Kwenye Atlasi

Gundi ya unga wa muhogo ikikaa siku mbili kwenye ndoo huanza kuchacha. Si harufu mbaya sana, niseme ukweli. Iko katikati ya togwa na nguo iliyoanuliwa kabla haijakauka. Mwezi uliopita wanafunzi wangu hapa Misungwi walikuwa wanaikoroga nyuma ya darasa, gundi imewaganda mikononi hadi viwikoni, wanacheka, na mimi mwalimu wao, mtu mzima mwenye watoto wawili, nikatoka nje nikasimama nimeshika ukuta. Mwalimu mwenzangu alinipita akaniuliza kama ni malaria. Nikamwambia labda. Haikuwa malaria, ila kumweleza kungechukua muda na kengele ilikuwa inakaribia kugongwa. Ninyi mna nafasi, basi niwaeleze ninyi.

Nilisoma shule ya msingi ya serikali kule Mkolani, shule iliyopandwa katikati ya mawe kama nusu ya mji wetu ilivyopandwa. Nyuma ya vyoo palikuwa na majabali matatu yaliyoegemeana, na kati yake ufa mwembamba ambao mkono wa mtoto uliingia hadi begani na bado usiguse chini. Tulikuwa tunatumbukiza humo vipande vya chaki na vifuniko vya soda, halafu tunategesha sikio. Kitu kiligonga mara moja, mara mbili, kisha kimya. Nilikuwa kiranja wa darasa la sita. Nilikuwa na mwandiko mzuri kuliko wote na nilijua kwamba ni mzuri, jambo ambalo kwa mtoto ni ugonjwa.

Mwaka ule Mwalimu Kabula, aliyetufundisha jiografia, aliingia darasani akiwa ameshika bahasha kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mayai. Akatuambia kuna mfuko mmoja unaotoa ruzuku kwa shule za serikali, si ya madawati wala ya bati, bali ya kazi za ubunifu darasani, na kwamba fomu alizojaza tangu mwaka uliotangulia zimekubaliwa. Tungetengeneza ziwa letu. Ziwa zima, na visiwa vyake na ghuba zake, juu ya mbao, kwa mikono yetu wenyewe. Tulipiga makofi bila kuelewa vizuri. Nyumbani baba alicheka mpaka akaweka chai chini. Alisema watoto themanini wanakalia madawati ishirini, halafu mzungu au sijui nani anawaletea rangi. Mama akamwambia anyamaze, rangi nayo ni elimu.

Vifaa vilipofika, mkuu wa shule alivifungia ofisini kwake na kuandika kwa kalamu ya wino mzito MALI YA SHULE juu ya kila brashi, hata zile nyembamba ambazo maneno hayakutosha na ikabidi zisomeke MALI YA SHU. Kila alasiri nilitumwa kuzichukua na kila jioni nilizirudisha, nazihesabu mbele yake. Nilitembea na zile brashi uwanjani taratibu, ili niliokuwa nao darasani na hata wa darasa la saba wanione.

Mfuko ulitupa rangi na mbao za dari, lakini Mwalimu Kabula alisema udongo wa ziwa letu utatoka majumbani kwetu. Kila mtoto alileta kikombe cha unga wa makopa, muhogo ule uliovundikwa na kukaushwa, na magazeti yoyote aliyoyapata, mengi yakiwa na mafuta ya maandazi. Tuliloweka magazeti, tukayatwanga kwenye kinu alichotuazima mama mmoja jirani, tukachanganya na uji wa makopa uliopikwa mpaka ukavutika. Lile donge la kijivu ndilo lililokuwa Ukerewe, ndilo lililokuwa Kome, ndilo lililokuwa vilima vyote vya pwani. Nzi walitujua. Darasa la tano walituita wapika uji, na sisi tukawajibu kwamba wao hawana ruzuku.

Akinyi alikuwa ameingia shuleni kwetu mwaka ule ule, akitokea huko kaskazini, upande wa Mara. Kabla hajaja darasani kwa mara ya kwanza Mwalimu Kabula alitufungia mlango, akatueleza kwa sauti ya chini kwamba mama wa mtoto huyu alikuwa kwenye mtumbwi uliozama, kwamba ziwa halikumrudisha, na kwamba yeyote atakayemuuliza maswali atakutana naye yeye mwalimu. Basi hatukumuuliza. Tulitii mno. Hatukumuuliza hilo wala jambo lingine lolote, na tulipochoka kunyamaza tukaanza kumtania kwa kuwa alisema sule badala ya shule na sikamoo badala ya shikamoo. Aliishi na bibi yake karibu na barabara kubwa, nyumba ya chumba kimoja yenye kichanja cha kukaushia samaki kwa moshi. Bibi yule alikuwa mrefu, mkimya, na macho yake yalikuwa mekundu wakati wote. Mtu anayekaa mbele ya moshi tangu asubuhi mpaka jioni macho yake huwa hivyo. Nalijua hilo sasa, na nadhani hata wakati ule nililijua.

Mikono ya Akinyi ndiyo iliyotushangaza. Sisi wengine tuliweka donge juu ya mchoro, tukaangalia atlasi, tukapunguza, tukaongeza, na bado Ukerewe wetu ulifanana na kiatu. Yeye aliweka donge, akalibonyeza kwa dole gumba huku anaangalia dirishani, na pwani ikatokea. Ghuba zilimjia kama mtu anayekunja kona za nyumba yao. Mwalimu Kabula alimsifu mbele ya darasa zima, na mimi nikapiga makofi pamoja na wenzangu huku kitu kikinichoma hapa kifuani. Nilijipa moyo kwamba rangi ni yangu. Yeye afinyange, mimi ndiye nitakayepaka, na macho ya watu huona rangi kwanza.

Kisiwa kilitokea Jumatatu moja. Tuliingia asubuhi tukakikuta kimekaa peke yake katika maji makuu upande wa kaskazini, ukubwa wa andazi, kimelainishwa juu kwa uangalifu mkubwa kuliko kisiwa kingine chochote. Tukafungua atlasi. Hakikuwemo. Mwalimu Kabula aliuliza nani amekiweka, Akinyi akasimama. Mwalimu akamuuliza hicho ni kisiwa gani, naye akajibu neno moja.

"Kipo."

Mwalimu akasubiri zaidi, hakupata. Akamwambia akae na somo likaendelea. Nilichukizwa sana. Mimi ningeweka kisiwa cha uongo ningechapwa.

Wiki mbili baadaye barua ilikuja kwamba wageni wa mfuko watafika Alhamisi kuona kazi, na wakiridhika watatoa sehemu ya pili ya ruzuku, vitabu vya hadithi na rangi za mwaka mzima. Mkuu wa shule alikuja na atlasi yake mwenyewe mkononi, akalizunguka ziwa letu kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani. Akafika kaskazini akasimama. Alisema wageni hawa wamesoma, wanajua ramani, na ziwa lenye kisiwa cha kubuni litawafanya waone kwamba hatujui tunachofundisha. Mwalimu Kabula alijaribu kumtetea mtoto, kwamba kazi ni ya ubunifu, lakini mkuu alikuwa ameshatoka.

Hapo ndipo Mwalimu aliponiita mimi, kiranja, niliyekuwa nimeteuliwa kuwaeleza wageni ramani. Maneno yake nayakumbuka yote. Alisema nimkute Akinyi peke yake, nizungumze naye kwa upole, akiondoe mwenyewe kwa mikono yake. Akarudia: mwenyewe, kwa mikono yake. Nikasema ndiyo mwalimu.

Sikuzungumza na mtu. Mchana wa Jumatatu, wenzangu wakiwa wamekwenda kula makwao, nilibaki na rula ya chuma na nikaanza kukikwangua. Niliona naokoa muda, na zaidi ya hayo, ngoja niseme bila kujificha, nilitaka kukivunja mimi. Gundi ilikuwa imeshikana kama jiwe. Niliimwagia maji, nikasubiri, nikachokonoa, na kisiwa kikaachia chote kwa pamoja na kugeuka chini juu. Tumboni mwake kulikuwa na kifurushi.

Kilikuwa kipande cha kitenge cha kijani, kimefungwa kwa uzi mweusi. Nilikifungua. Ndani palikuwa na kipande cha tunda lililokauka, la rangi ya kahawia, gumu kama mti, refu kidogo kuliko kidole changu cha kati, na kando yake shanga moja nyekundu. Tunda lilikuwa limechongwa kwa wembe. Lilikuwa na kichwa, lilikuwa na mabega, na miguu yake ilikuwa imebanana kama ya mtu aliyelala chali. Darasani kulikuwa na jua tele, nasikia watoto wa darasa la kwanza wakiimba jedwali la tatu, na mimi nikajifuta vidole kwenye gauni.

Mtoto wa kwetu akiona kitu kama kile hawazi mambo mawili. Niliwaza dawa. Niliwaza kwamba Akinyi au bibi yake mwenye macho mekundu ametega dawa kwenye ziwa letu, na kwamba mimi nimeishika kwa mikono yangu. Nilikifunga, nikakibeba kwenye karatasi mpaka nyuma ya vyoo, nikaingiza mkono kwenye ufa wa majabali hadi begani na kukiachia. Kiligonga mara moja, mara mbili. Nikarudi nikaziba shimo kwa gundi mbichi, nikalipaka rangi ya bluu. Mwalimu Kabula alipouliza kama nimezungumza na mwenzangu, nikamwambia ndiyo, na amekubali.

Alasiri ile Akinyi aliingia, akalitazama ziwa. Alipiga magoti akaangalia chini ya madawati. Akaangalia kwenye pipa la takataka, karatasi moja moja. Kisha akaenda kukaa mahali pake na akaandika kazi ya Kiswahili pamoja na sisi wengine, na mwandiko wake siku ile, niliuona wakati wa kukusanya madaftari, ulikuwa kama wa siku zote.

Ningenyamaza pale labda hadithi ingekuwa fupi. Lakini siri ya dawa ilikuwa kubwa kuliko mdomo wangu. Niliwaambia marafiki wawili, nikawaapisha, na jioni nikamwambia mama huku nasafisha dagaa. Mama aliacha kuchambua mchele. Mama yangu si mtu mbaya, na ningependa mlijue hilo kabla sijaendelea. Alinishika viganja, akavigeuza, akavinusa, akanipeleka kuvisugua kwa majivu na limao. Akasema amekuwa akisikia maneno kuhusu yule bibi na alikuwa hayaamini. "Lisemwalo lipo," akasema, "na kama halipo, laja." Asubuhi yake alikwenda kwenye kioski cha maji na ndoo zake mbili, na alipokwenda hakwenda na ndoo peke yake.

Kufikia Jumatano hakuna mtoto aliyekaa dawati moja na Akinyi. Wateja wa samaki walihamia kichanja cha muuzaji mwingine. Mnaotoka kwetu mnajua neno kama lile linaweza kumfikisha wapi mwanamke mzee mwenye macho mekundu. Msiotoka kwetu niwaambie tu kwamba limewafikisha wengine kaburini.

Siku hiyo hiyo ya Jumatano bibi alikuja shuleni. Mwalimu Kabula aliniita tukasimama kivulini mwa ukuta wa ofisi, sisi watatu, na harufu ya moshi wa samaki ilikuwa kwenye khanga ya bibi. Nilimwamkia. Akaitikia marahaba na kuniita mjukuu wake. Alisema hakuja kugombana. Ramani ni ya sule, waliokitoa kisiwa wamekitoa, hilo limepita. Kisha akainama mpaka uso wake ukawa sawa na wangu.

"Ila kile kilichokuwa ndani ni cha huyu mtoto. Ulikiweka wapi, mjukuu wangu?"

Ufa ulikuwa hatua thelathini kutoka pale. Kwa waya na ndoano, watu wazima wangeweza kukivuta. Tulishawahi kuona mlinzi wa shule akitoa humo ufunguo wa stoo. Lakini Mwalimu Kabula alikuwa amesimama pembeni, na mimi nilikuwa nimeshamwambia kwamba Akinyi alikubali. Kesho ilikuwa Alhamisi. Gauni langu la shule lilikuwa limeshapigwa pasi. Nikasema sikuona kitu, bibi.

Macho yale mekundu yalinitazama, na hapakuwa na hasira ndani yake, jambo ambalo lilinitisha kuliko hasira. "Basi ukikiona," akasema, "usikichezee. Kilaze mahali pazuri, halafu uje uniambie." Akamshukuru mwalimu, akaondoka. Alitembea katikati ya uwanja peke yake, na watoto waliokuwa wanacheza rede walimpisha njia pana sana.

Msiniulize kwa nini lile shimo halikukauka. Sababu ninayo: nilimwaga maji mengi, ubao ukanywa, gundi mbichi ikavimba. Nilipaka Jumatatu, Jumanne asubuhi nikakuta pametuna. Nikapakwangua, nikapaka tena, na Jumatano pakatuna tena, uvimbe mdogo chini ya bluu, ukubwa wa andazi. Alhamisi asubuhi nilipapaka kwa mara ya mwisho. Wenzangu walisema kisiwa kinarudi. Mimi niliwaambia waache ushamba.

Wageni walikuwa wawili, mama mmoja wa ofisi ya mfuko mwenye Kiswahili laini cha Dar es Salaam, na kijana wa kupiga picha. Nilieleza vizuri, sitajidai sikufanya vizuri. Nilionyesha mito, nilitaja visiwa kwa mpangilio, nilieleza namna ya kupika gundi na wageni wakacheka mahali palipostahili. Akinyi alikuwa amekaa mwisho wa safu ya ukutani. Nilipomaliza yule mama alinipongeza, kisha akaweka kidole taratibu juu ya maji ya kaskazini. Akaniuliza pale pana nini, mbona pameinuka.

"Hapo hakuna kitu," nikasema. "Ni maji tu."

Nilisema kwa sauti ya kiranja, sauti inayofika nyuma ya darasa, na ilifika. Sikugeuka kuangalia mtu. Kijana akapiga picha, wageni wakanipa boksi la penseli za rangi kwa kueleza vizuri, na mkuu wa shule akanishika kichwa mbele ya watu.

Jumamosi mama alirudi kutoka kioskini akasema wamehama. Usiku wa kuamkia siku ile watu wasiojulikana walikuwa wamerusha mawe juu ya bati lao, na kulipokucha nyumba ilikuwa wazi. Nilikwenda kuangalia, nikasimama ng'ambo ya barabara. Kichanja kilikuwepo bado, na chini yake majivu, na kwenye majivu ule moshi mwembamba wa moto ambao mtu hakupata nafasi ya kuuzima. Hakuna aliyejua wameelekea wapi, wala aliyeuliza. Mwalimu Kabula aliendelea kuita jina la Akinyi kwenye mahudhurio mpaka muhula ukaisha. Aliita, akanyanyua macho, akasubiri kidogo, akaendelea na jina linalofuata. Penseli nilimpa kaka yangu, na sikumwambia kwa nini.

Ruzuku ya pili ilikuja. Tulipata vitabu, na shule yetu ikatajwa wilayani. Ziwa lilikaa nyuma ya darasa hadi tulipomaliza la saba, na mchwa walilila. Walianzia kaskazini. Hilo nalo lina sababu, ubao uliolowa huoza kwanza. Nimekuwa mtu wa sababu tangu wakati ule, nazikusanya zote.

Miaka ikapita, nikasoma ualimu, nikapangiwa kituo cha kwanza kijiji cha ziwani kule Mara, kati ya Wajaluo. Sikuwa nimemaliza mwaka pale ndugu yake jirani yangu, kijana mvuvi, alipozama. Walimtafuta siku nyingi kwa mitumbwi na nyavu. Wakamkosa. Kisha niliona wazee wakiwatuma vijana porini, na vijana wakarudi na tunda la mwegea, lile refu zito linaloning'inia kwa kamba yake. Wakalivisha shati la marehemu. Wakalilaza kwenye sanduku, wakalichimbia kaburi la urefu wa mtu, na wanawake wakalililia kwa jina lake. Jirani yangu, Mama Ochieng, aliniona nimekauka pale kama nguzo, akadhani sielewi.

"Ziwa likimchukua mtu likagoma kumrudisha, tunamlaza hili badala yake," akaniambia. "Apate kwake."

Nikamuuliza, kwa sauti iliyokuwa ngeni kwangu mwenyewe, vipi kuhusu yule asiyefanyiwa hivyo. Mama Ochieng akafunga khanga yake vizuri. Alisema huyo anakuwa hajafika. Anawajia watu wake ndotoni, anauliza kitanda chake kiko wapi.

Sikulia msibani, nililia nyumbani, nimekaa sakafuni na viatu vyangu vya msibani. Kwa nini watu wazima hawakuwa wamemzika mama yake Akinyi kwa namna ile, sijui. Labda ukoo haukupatana, labda bibi hakuwa na ardhi ya kuchimba. Ninachojua ni kwamba mtoto wa miaka kumi na miwili alipewa donge la gundi na ziwa zima, ziwa la ruzuku, akatafuta mahali ambapo mtumbwi ulizama, na akamzikia hapo mama yake. Alikata kipande cha tunda, akakichonga mabega. Alimvisha kitenge. Na mimi nikafukua kaburi lile kwa rula, nikaliita uchawi, na nilipoulizwa pale pana nini nikawaambia watu wote, na yeye akisikia, kwamba hakuna kitu.

Nilirudi Mkolani likizo iliyofuata. Nilikuwa na waya mfukoni, mrefu, wenye ndoano niliyoikunja mwenyewe kwa koleo. Nyuma ya vyoo palikuwa pamesawazishwa. Mlinzi, kijana mgeni, aliniambia majabali yale yalishapasuliwa siku nyingi, wapasua mawe waliyachoma moto na kuyageuza kokoto, na kokoto zikaenda kujenga. Nikamuuliza kujenga wapi. Akanyoosha mkono kuelekea mji mzima.

Sasa mimi ndiye niliyejaza fomu za ruzuku, usiku mwingi kwenye simu, na darasa langu lilipopiga kura kuchagua kazi ya kubuni lilichagua ziwa. Sikuwashawishi, ila sikuwazuia pia. Siku ile ya harufu, nilipoacha kushika ukuta, nilisubiri watoto waende mapumziko, nikaingia, nikachota donge, nikaliweka katika maji makuu upande wa kaskazini na kulilainisha juu kadiri nilivyoweza. Mikono yangu si kama yake. Ndani sikuweka kitu, maana sina haki ya kuweka.

Kesho yake Masanja, kiranja wangu, alikuja na atlasi imefunguliwa. Ni mtoto makini, anayejua kwamba ni makini. Akasema mwalimu, hiki kisiwa hakipo.

"Kipo," nikamwambia.

Aliniamini papo hapo, kama watoto wanavyomwamini mwalimu. Akachovya brashi nyembamba kwenye rangi nyeupe, maana ndiye aliyekuwa anaandika majina, akainama juu ya maji na kuniuliza kinaitwaje. Na mimi nikasimama pale, mbele ya darasa zima. Nilikaa darasa moja na Akinyi karibu mwaka mzima. Nilimcheka namna alivyosema shule. Nilishika mwili wa mama yake kwenye kiganja changu. Jina la mama yake sikuwahi kuliuliza.

Masanja alikuwa bado ananisubiri, rangi inaanza kudondoka. Nikamwambia aache nafasi.